Tipa la vitofali linalomwaga mzigo: anza na tairi

Lori langu la kwanza la vitofali lilikuwa na sura nzuri ajabu. Kioo cha mbele, taa, vioo vya pembeni, hata kibendera juu ya kichwa. Nilipowasha mota likanguruma, likatetemeka, likabaki palepale. Nilikuwa nimejenga kichwa, nikajenga bodi, halafu ndiyo nikaanza kutafuta pa kuficha mota, betri na difu (gia zinazogawa mzunguko kwa tairi za pande mbili). Nafasi ya kutosha haikuwepo.

Tipa ninaloelezea hapa ni la nne. Linakwenda mbele na nyuma, linakata kona, linanyanyua bodi na kumwaga mzigo, vyote kwa rimoti. Nimelijenga Tabata, Dar es Salaam, kwenye meza ya kulia chakula, kwa jioni za miezi mitatu hivi.

Vitofali vyangu ni vya LEGO, jamii ya Technic: boriti zenye matundu, pini, shafti na gia. Nyingi nilizikusanya mitumbani Karume, ndani ya mifuko ya midoli iliyochanganyika na vichwa vya wanasesere, na vilivyopungua nikaagiza nje. Kariakoo utapata vya bei nafuu vinavyoingiliana na hivyo. Boriti za bei nafuu sina tatizo nazo. Gia na shafti ndizo za kuchagua: chomeka shafti kwenye gia, izungushe kwa vidole ukiitazama kwa pembeni. Ikiyumba, irudishe.

Kipimo kimoja ukiweke kichwani kabla ya yote: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata ni milimita 8. Nikisema "matundu 17" nina maana ya milimita 136.

Hatua ya 1: Toka na futi kamba

Picha za mtandaoni zinadanganya, kwa sababu lenzi hukuza kilicho karibu. Barabara ya Mandela ina malori kutwa kucha, basi sikuwa na sababu ya kukisia. Nililikuta tipa la Howo la tairi kumi limeegeshwa pembeni, dereva akiwa kivulini na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, mzee. Naomba nipime gari lako."

"Marahaba. Wewe mtu wa mizani?"

"Hapana, mzee. Nataka kutengeneza dogo la kuchezea."

Alicheka, kisha akashika ncha nyingine ya futi kamba mwenyewe. Ndiye aliyenionyesha jambo ambalo sikuwahi kulitazama: bawaba za bodi ziko nyuma kabisa, karibu na usawa wa ncha ya chesisi, na mlango wa nyuma umening'inia kwa juu. Omba ruhusa kila mara. Madereva wanapenda kuulizwa habari za magari yao.

Pima urefu wa tairi kutoka chini hadi juu, upana wa gari, urefu wote, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya kwanza ya nyuma, umbali kati ya ekseli mbili za nyuma, na urefu wa bodi. Namba sita tu.

Hatua ya 2: Tairi ndiyo itakayotoa skeli

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea mara tatu. Boriti unaweza kuunga ziwe ndefu unavyotaka. Tairi huwezi kuifinyanga; inakuja na kipimo chake. Kwa hiyo tairi uliyonayo ndiyo inayoamua gari litakuwa na ukubwa gani.

Mimi nilikuwa na tairi kumi za kipenyo cha milimita 62.4 na unene wa milimita 20. Tairi ya lile Howo, yenye maandishi 12.00R20 ubavuni, ilifika sentimita 112. Gawa 1120 kwa 62.4, unapata karibu 18. Skeli ni 1:18, na kuanzia hapo kila namba inagawanywa kwa 18, kisha kwa 8 ili ipatikane kwa matundu.

Upana wa mita 2.5 ukawa milimita 139, yaani matundu 17 na nusu kasoro. Nikachukua 17. Usichukue 18. Namba isiyogawanyika kwa mbili inakupa tundu la katikati kabisa, na humo ndimo propela, shafti ndefu inayopeleka mzunguko wa mota nyuma, itakamopita. Ukichukua namba shufwa, katikati pako panaangukia kwenye plastiki kati ya tundu na tundu, na utahangaika na nusu-tundu mpaka ulichukie gari.

Ekseli ya mbele hadi ya kwanza ya nyuma: matundu 27. Kati ya ekseli mbili za nyuma, mita 1.35 iligeuka matundu 9 na kidogo, nikaweka 10 ili boriti itakayozishika (Hatua ya 5) iwe na tundu la katikati. Hakikisha tairi hazigusani: matundu 10 ni milimita 80, toa 62.4, inabaki nafasi ya milimita 17.6. Inatosha. Bodi ikawa na urefu wa matundu 39.

Hatua ya 3: Chora chesisi kwenye karatasi ya miraba

Daftari la hesabu la shule ya msingi linafaa kabisa, mraba mmoja tundu moja. Kuna programu ya bure ya BrickLink Studio ya kuchorea kwenye kompyuta, na ni nzuri, ila haitakwambia kwamba shafti imejipinda.

Nyuma kuna tairi pacha kila upande. Tairi mbili za milimita 20 ni milimita 40, yaani matundu 5. Pande mbili ni 10. Toa kwenye 17, yanabaki 7 katikati. Ukitengeneza chesisi ya matundu 7, tairi zitasugua boriti. Tengeneza ya 5, ubakize tundu moja la hewa kila upande. Chesisi nyembamba hivyo itakutia wasiwasi, lakini chungulia chini ya lori la kweli uone: reli zake mbili zimesogeleana sana katikati, zisizofanana kabisa na upana wa bodi iliyo juu.

Unga reli mbili kwa boriti za kukatiza kila baada ya matundu 6 au 7. Kisha shika ncha mbili za chesisi uisokote kama unakamua nguo. Ikilegea, ongeza.

Hatua ya 4: Gia

Kwenye gia hizi idadi ya meno inakupa umbali wenyewe. Jumlisha meno ya gia mbili, gawa kwa 16, jibu ni matundu mangapi kati ya shafti na shafti. Meno 8 na 24: jumla 32, umbali matundu 2. Meno 12 na 20: vilevile 2. Meno 8 na 40: jumla 48, umbali 3. Meno 16 na 24 yanatoa 2 na nusu, hivyo yaache mpaka uwe na uzoefu.

Mota yangu ni ile kubwa ya XL ya mfumo wa zamani wa Power Functions, ulioanza kuuzwa 2007. Bila mzigo, kwa volti 9, inazunguka kama mara 220 kwa dakika. Gia ya meno 12 inaisukuma difu ya meno 28, kwa hiyo tairi inazunguka kama mara 94 kwa dakika. Mzingo wa tairi ni milimita 196. Ukizidisha unapata mita 18 na nusu kwa dakika, sawa na kilomita 1.1 kwa saa. Zidisha kwa skeli ya 18: kilomita 20 kwa saa. Ndiyo mwendo wa tipa lenye kokoto za Lugoba likiingia foleni ya Ubungo. Watu hukimbilia kuongeza kasi. Lori dogo likienda mbio linaonekana kama panya.

Sasa sikiliza kosa lililonigharimu shafti nne. Tipa la tatu nililipunguzia mwendo pale pale mwanzoni: meno 8 kwa 24 kando ya mota, halafu propela ndefu hadi nyuma. Kila nilipopandisha kizingiti cha mlango, propela ilijisokota kama muwa unaopita kwenye mashine ya juisi, tairi zikisubiri. Ukipunguza mwendo mara tatu unaongeza nguvu ya kusokota mara tatu, na mimi nilikuwa nikiipitisha nguvu yote hiyo kwenye kijiti cha plastiki. Nikamsimulia jirani yangu, fundi wa magari makubwa. Hakuinua hata kichwa chini ya gari aliloshughulika nalo: "Punguza mwisho." Malori mengi ya kazi nzito yana gia za kupunguza kwenye habu za tairi kwa sababu hiyohiyo. Nikaondoa gia za mwanzo, upunguzaji wote ukabaki kwenye difu, na shafti hazijajipinda tena.

Difu inakaa vizuri ndani ya fremu ya matundu 5 kwa 7. Ishike kila shafti kwa bushi (kipete kinachoibana) pande zote mbili, au itatoka taratibu bila wewe kujua mpaka tairi ibaki sakafuni.

Hatua ya 5: Ekseli mbili za nyuma zibembee

Ukizifunga ekseli mbili za nyuma moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye kila kizingiti tairi mbili zitaning'inia hewani. Dawa ni bembea: boriti ya matundu 11 kila upande, imeshikwa katikati na pini laini inayozunguka, ekseli moja kila ncha. Ya mbele ikipanda, ya nyuma inashuka. Sikuweka springi hata moja.

Propela inapoingia kwenye bembea iwekee krosi (kiungo kinachopinda huku kikizunguka), na krosi hiyo ikae sawia na pini ya katikati. Ikikaa mbele au nyuma zaidi, bembea ikicheza shafti itavutwa na gia zitaruka meno. Utasikia "ta-ta-ta". Zima haraka.

Hatua ya 6: Stelingi

Mota ya servo inayojirudisha katikati, gia moja, na reli ya meno inayosukuma tairodi, vijiti vinavyogeuza tairi za mbele. Kitu kimoja cha kuzingatia: mikono inayoshikilia tairodi iinamishe kidogo kwa ndani, ili mistari ya kufikirika inayopita juu yake ikutane nyuma katikati ya ekseli zile mbili. Hivyo tairi ya ndani ya kona inakata zaidi kuliko ya nje. Zikikata sawasawa, tairi moja inaburuzwa.

Hatua ya 7: Jeki ya bodi

Kabla ya kujenga, kata vipande viwili vya boksi la viatu, kimoja chesisi na kimoja bodi, kwa ukubwa halisi. Viunge kwa pini ya kalenda mahali pa bawaba. Jeki kubwa ya skrubu inarefuka kwa matundu 5 tu, milimita 40. Kata kijiti cha urefu wa jeki ikiwa imefunga na kingine ikiwa imefunguka, ujaribu kukishikiza sehemu mbalimbali mpaka bodi ifike nyuzi 45. Dakika ishirini za boksi zitakuokolea wiki ya kubomoa.

Utagundua mvutano wenyewe. Ukisogeza jeki karibu na bawaba, bodi inapanda juu sana lakini jeki inabeba uzito mkubwa. Yangu iliishia tundu la 8 kutoka bawaba, wakati uzito wa bodi uko karibu tundu la 19. Hata jeki ingekuwa imesimama wima ingebeba uzito huo mara mbili na zaidi, na mwanzoni haisimami, imelala. Jeki moja ilikata tamaa: ndani yake kuna klachi inayoteleza ikizidiwa. Nimefunga mbili sambamba, zinazungushwa na mota moja ya M, ndogo kuliko ile ya XL. Skrubu hairudi nyuma yenyewe, kwa hiyo bodi inabaki juu hata ukizima.

Hatua ya 8: Betri, kisha sura

Boksi la betri sita liweke chini, kati ya kichwa na bodi, mahali unapoweza kulitoa bila kubomoa kitu. Betri za kuchaji zinatoa volti 7.2 badala ya 9, gari litapungua kasi kidogo.

Tembeza chesisi tupu kwa wiki nzima. Ivushe vizingiti, ipitishe kwenye mkeka, iwekee kilo moja ya unga juu. Ikishavumilia, jenga kichwa na bodi. Hapo sina mengi ya kusema, jicho lako linatosha. Ila kichwa kifunge kwa pini mbili ili kiweze kuinamia mbele, kama la kweli, maana utazihitaji nyaya zilizo chini yake.

Hatua ya 9: Kumwaga

Usitumie mchanga. Nilitumia wa Coco Beach, ili picha ipendeze, na chembe ziliingia kwenye kila gia. Nilifungua gari zima na kulisugua kwa mswaki siku mbili. Gia mbili ndogo zilikuwa zimeshalika. Tumia mchele, nusu kilo haizidi.

Mlango wa nyuma uning'inie kwa bawaba za juu na ujifungue wenyewe bodi ikipanda. Wangu ulikuwa ukifunguka mapema, mchele ukidondoka njia nzima kutoka sebuleni hadi barazani, kuku wa jirani wakifuata nyuma. Nimeweka ndoano ndogo chini ya bodi: bodi ikilala inagusa chesisi na kuushika mlango, ikinyanyuka matundu mawili hivi inaachia.