Star Wars: mgeni aanze na filamu ipi?

Star Wars ni mfululizo wa filamu za vita vya angani. Anza na ile ya 1977, yenye namba IV, wala namba isikubabaishe: namba hufuata mpangilio wa hadithi, si wa kutoka. Ukianza na I, iliyotoka 1999, utaijua mapema siri ya ukoo wa Luke Skywalker, shujaa wa IV, na kilele cha filamu ya 1980, yaani V, kitakufikia kimepoa. Hakuna kosa linaloharibu utamu kuliko hilo.

Tazama IV na V, kisha rudi nyuma kwa I, II na III, ndipo umalizie VI. Siri ikishafichuka kwenye V, zile tatu zinaeleza jinsi Anakin, mhusika wao mkuu, alivyoangukia upande wa giza, yaani wa uovu, na VI inapata uzito wake wote. Kama muda ni mfupi, ruka I. Hadithi haipwayi sana.

Rogue One ya 2016, filamu ya pembeni isiyo na namba, inaishia pale IV inapoanzia, lakini isitangulie: uchungu wake unahitaji mtazamaji anayejua kitakachofuata. VII, VIII na IX ziwe za mwisho.

Nakala nyingi za sasa za IV, V na VI zina picha za kompyuta zilizoongezwa kuanzia 1997. Ukiona kiumbe anayeng'aa kuliko mandhari yake, hakuwamo mwanzoni.