Poti za simu FXS na FXO: ipi unachomeka wapi

Asalaam aleykum ndugu zangu. Vijana wengi wanaofunga simu kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje wanachomeka waya kwa kubahatisha, isipolia wanasema rauta (kile kifaa chenye poti za simu) mbovu, na inaniuma kwa sababu jambo lenyewe ni moja tu: nani anatoa umeme na toni, nani anapokea.

1. FXS (Foreign Exchange Station) ni poti inayotoa. Hapa unachomeka simu ya chumbani. Inaipa umeme wa DC kama volti 48, toni ukinyanyua risiva, na umeme wa kengele.

2. FXO (Foreign Exchange Office) ni poti inayopokea. Hapa unaleta waya wa ukutani, ile laini ya mezani ya 024 ya kampuni ya simu. Haitoi umeme, inajifanya simu. Na matundu yote ni RJ11, yanafanana kabisa, basi soma maandishi.

3. Chukua mita, weka DC, pima zile waya mbili za simu kwenye poti ya FXS. Risiva ikiwa chini utaona karibu 48 (vifaa vingine vidogo vinatoa pungufu), ukiona alama ya kutoa usishtuke, waya umegeuza tu. Nyanyua risiva, itashuka sana, mara nyingi chini ya 10 hivi, ndo rauta inajua mtu kanyanyua. Ukipata sifuri umepima FXO au waya umekatika. Kengele ikilia usishike waya, ile AC inaweza kufika volti 90 na inapiga khasa.

4. FXS kwa FXS usichomeke, zote zinasukuma umeme, unaweza kuunguza. FXO kwa FXO hazisemi kitu, kila moja inamsubiri mwenzake.

MASWALI

Maalim, mashine ya faksi inakaa wapi? (Wete)
FXS. Faksi ni simu tu kwa rauta.

Mteja akikata, laini yangu ya FXO inabaki bize mpaka nizime rauta, tatizo nini? (Mkunazini)
Hilo linasumbua wengi dada. FXO haijui kama upande wa pili umekata mpaka laini ipeleke ishara. Iulize kampuni ya simu inatoa ishara gani, kugeuza umeme au toni ya bize, kisha iwashe hiyo hiyo kwenye rauta. Kama ni toni, iweke ya nchi yako, ikiachwa ya Marekani rauta haitaitambua.

Na E&M ni nini? (Chake Chake)
Hiyo ni poti ya kuunganisha swichibodi mbili, simu haichomekwi. Sauti ina waya zake na ishara zina zake, aina ziko tano, I mpaka V, na pande zote lazima zikubaliane. Siku hizi mahotelini huioni sana kaka.