Jinsi ya kufuatilia gofu ya Asian Games ukiwa Dar

Wengi wetu huku Dar gofu tumeizoea ya mashindano ya klabu, pale Gymkhana au Lugalo, kwa hiyo Asian Games, michezo mikubwa ya bara la Asia, ikianza mtu anafungua matokeo anakuta -27 anajiuliza hendikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake) imeenda wapi. Haipo! Hilo ndo la kwanza kushika, kule hakuna kupunguziwa, kila mkwaju unahesabiwa, siku 4, mashimo 18 kila siku. Namba unayoiona inapimwa na paa, yaani mikwaju iliyopangiwa uwanja, kama paa ni 72 na mtu kapiga 68 anaandikwa -4. Aliye chini zaidi ndo anaongoza.

Sasa usiishie kwa anayeongoza, fungua na matokeo ya timu. Kwenye Asian Games za Hangzhou, China, 2023 wanaume walikuwa wanne kwa timu, kila siku zinachukuliwa kadi (yaani matokeo ya mchezaji ya siku hiyo) tatu bora na ya nne inatupwa, wanawake walikuwa watatu zinachukuliwa mbili. Chukua daftari uandike kila siku kadi ya nani imetupwa, mi naona hapo ndo utamu wote ulipo, maana leo imetupwa ya huyu, kesho yule aliyeng'ara anaharibu halafu huyuhuyu wa jana ndo anaibeba timu, na ukiangalia majina ya juu tu hutakaa umwone. Mwaka huo Taichi Kho wa Hong Kong alimpita Im Sung-jae wa Korea Kusini kwa mkwaju mmoja tu, lakini dhahabu ya timu wakaibeba Korea.

Na siku ya tatu ikiisha usijione umeshajua bingwa. Hangzhou hiyohiyo, kwa wanawake, Aditi Ashok wa India aliingia siku ya mwisho anaongoza kwa mikwaju 7, akapiga 77, dhahabu ikaenda kwa Arpichaya Yubol wa Thailand. Iliniuma jamani.

Masaa nayo yaangalie, China wako mbele yetu saa 5 na Japani, wenyeji wa 2026, saa 6, ukiamka saa kumi na mbili asubuhi China ni saa tano na Japani saa sita mchana tayari. Ila siku ya mwisho vinara wanaanza mwishoni kabisa, hao unaweza kuwawahi.

Kama hujawahi kuona gofu kwa macho, kabla ya yote nenda Lugalo siku ya mashindano, daladala za Mwenge kwenda Tegeta zinapita hapo. Ni eneo la jeshi, beba kitambulisho na uulize getini, vaa viatu flati, kofia, maji ya kutosha, simu weka sailenti. Mtu akijiandaa kupiga simama ulipo, usiongee, na usikae upande ambao mpira unaelekea. Chagua kundi moja tu ulifuate shimo kwa shimo, hesabu mikwaju yao mwenyewe, halafu wakimaliza linganisha na kadi zao.