Kobalti kidogo, kaboni nyingi: kutengeneza haidrojeni peroksaidi kwa umeme maabarani

Oksijeni ikipokea elektroni mbili inakuwa haidrojeni peroksaidi. Ikipokea nne inakuwa maji, na umeme wako umekwenda bure. Kazi ya kichocheo ni kuizuia isivuke mbili. Molekuli ya oksijeni ikishikwa na atomu mbili za metali zilizokaa jirani, huvutwa huku na huku mpaka ikakatika. Ikishikwa na atomu moja iliyo peke yake, kifungo chake mara nyingi husalimika. Ndiyo maana natumia kobalti thalosianini: kila atomu ya kobalti imekwisha kuzungukwa na nitrojeni nne, mbali na mwenziwe, na wala huhitaji tanuru.

Hatua ya 1: Kupakia kobalti

Chini ya kabati la kuvuta hewa, tia miligramu 5 za kobalti thalosianini katika mililita 25 za dimethilifomamidi. Kimiminika hiki ni sumu, hata kupitia ngozi, kwa hiyo usivue glavu. Weka chombo kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 30, ongeza miligramu 100 za kaboni nyeusi (Vulcan XC-72 inafaa), rudia dakika 30, kisha acha ikorogwe usiku kucha. Chuja, suuza kwa dimethilifomamidi kidogo halafu kwa ethanoli, mpaka kinachochuruzika kisiwe na rangi ya buluu. Kausha kwa nyuzi 60.

Hesabu yake: miligramu 5 hizo zina takriban nusu miligramu ya kobalti, yaani karibu asilimia 0.5 ya unga wote. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, Kolwezi na maeneo ya jirani, kwa jasho kubwa. Kuimwaga ovyo ni dhuluma. Tena ukizidisha, molekuli hurundikana, na zilizofunikwa hazipati oksijeni.

Hatua ya 2: Wino

Miligramu 5 za unga, mikrolita 980 za mchanganyiko wa isopropanoli na maji, mikrolita 20 za Nafion (polima inayopitisha protoni, hapa ni gundi) ya asilimia 5. Bafu tena dakika 30, ukiweka barafu ili maji yasipate joto. Dondosha mikrolita 5 tu juu ya diski ya kaboni ya kioo yenye kipenyo cha milimita 5. Tabaka likiwa nene, peroksaidi hunaswa ndani yake na kupokea elektroni nyingine mbili kabla haijatoka.

Hatua ya 3: Seli

Tumia asidi salfuriki ya mol 0.1 kwa lita, si potasiamu haidroksaidi. Katika alkali kaboni tupu nayo hutengeneza peroksaidi kwa wingi, na utaisifu kobalti kwa kazi isiyo yake. Hata katika asidi, pima pia diski yenye kaboni isiyo na kobalti. Usiruke kipimo hicho.

Elektrodi ya pili iwe kijiti cha grafiti. Niliwahi kutumia waya wa platinamu, na siku baada ya siku matokeo yakaelekea kwenye maji. Platinamu ilikuwa ikiyeyuka kidogo kidogo na kutua juu ya diski yangu. Kazi ya wiki tatu niliianza upya.

Hatua ya 4: Diski na pete

Pitisha oksijeni dakika 30. Zungusha kwa mizunguko 1600 kwa dakika, shusha volti ya diski polepole, milivolti 10 kwa sekunde, huku pete ya platinamu inayoizunguka diski, ambayo hunasa peroksaidi inayotoka, ikishikiliwa kwenye volti 1.2 dhidi ya elektrodi rejea ya haidrojeni. Rudia kwenye nitrojeni, na mkondo utakaoupata hapo, usiotokana na oksijeni, uutoe kwenye ule wa kwanza.

Asilimia ya peroksaidi = 200 × (Ip/N) ÷ (Id + Ip/N)

Id ni mkondo wa diski, Ip wa pete, N ni sehemu ya mazao ya diski inayonaswa na pete. Usiichukue N kwenye karatasi ya mtengenezaji. Ipime mwenyewe kwa potasiamu ferisianidi. Mfano: Id miliampea 0.50, Ip 0.15, N 0.37. Ip/N ni 0.405, jibu ni karibu asilimia 90.

Hatua ya 5: Bureti

Pete hunusa tu kinachopita; bureti, mrija wa kioo wenye vipimo na bomba la kudondoshea, hupima kilichobaki. Paka wino kwenye karatasi ya kaboni, weka katika seli ya vyumba viwili iliyotenganishwa kwa utando wa Nafion, endelea kupuliza oksijeni, shikilia volti 0.3 mpaka chaji ifike kulombu 18. Kama kila elektroni ingefanya kazi yake, ungepata mikromoli 93.

Chota mililita 10 kati ya 30 za chumba hicho, ongeza asidi salfuriki, dondosha potasiamu pamanganeti ya mol 0.002 kwa lita mpaka rangi ya waridi isipotee. Zikitumika mililita 5.0, ni mikromoli 10 za pamanganeti, sawa na 25 za peroksaidi. Zidisha kwa tatu: 75, yaani asilimia 80.

Pengo kati ya 90 na 80 lisikushtue: 90 inahesabu molekuli za oksijeni, 80 inahesabu elektroni, na kila molekuli inayoishia kuwa maji hula elektroni nne badala ya mbili. Kwa elektroni, pete nayo inasema 0.405 ÷ 0.50, yaani asilimia 81. Peroksaidi ikijaa chumbani, nyingine hurudi kwenye elektrodi na kugeuka maji, na jibu la bureti hushuka zaidi. Pengo likiwa kubwa zaidi, punguza kwanza wino kwenye karatasi kabla hujagusa kiasi cha kobalti.