Mambo ya Kuzingatia Kabla Mhitimu wa Biashara Hajaomba Kazi

Mhitimu wa uhasibu au biashara hapa Tanzania hutumia siku nyingi kupamba wasifu wake, ilhali mwajiri anataka kujua jambo moja tu: je, akipewa karatasi halisi ya kazi, ataiweza? Katika usaili mmoja niliouendesha, tuliwapa waombaji ankara ya shilingi 118,000 iliyoandikwa kuwa bei imejumuisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18), tukauliza kodi ni kiasi gani. Wengi walikokotoa asilimia 18 ya jumla yote wakapata 21,240, ingawa jibu ni 18,000, kwa kuwa kodi imeshaingia ndani ya bei: bila kodi bei ni 100,000. Iliniuma, maana vyeti vyao vilikuwa na alama nzuri za somo la kodi.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, mhitimu alinganishe kwa mkono wake daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mzima, hata kama ni ya duka la mjomba au ya kikundi cha VICOBA, atafute kwa nini masalio mawili hayalingani, na atenganishe hundi ambazo hazijawasilishwa benki na makato ya benki ambayo hayajaandikwa daftarini. Ajue pia tarehe zinazomnyima mwajiri usingizi: PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, hulipwa TRA (Mamlaka ya Mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi hiyo, huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, la sivyo adhabu na riba humwangukia mwajiri.

Aliye bado chuoni asikubali kumaliza mafunzo kwa vitendo akitoa fotokopi tu. Aombe kwa adabu kukaa karibu na anayeandaa malipo. Anayelenga CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, ajisajili mapema NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kwa ajira za serikali, ahakikishe majina kwenye vyeti na kitambulisho cha NIDA yanafanana kabla hajafungua akaunti ya Ajira Portal. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) akumbuke, anapotaja mshahara anaoutaka, kwamba asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa.

Siku ya usaili abebe ile kazi ya benki aliyoifanya, kila tarakimu ikiwa na risiti yake, ili akiulizwa kiasi fulani kimetoka wapi, afungue ukurasa na kuonyesha.