Mshairi Aliyekwama Aanzie Mwisho wa Ubeti

Anayetunga tarbia, yaani shairi lenye mishororo (mistari) minne kila ubeti, mara nyingi hukwama kwenye mshororo wa kwanza, kwa hiyo ni vyema auache kwa muda na kutafuta kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kwa kuwa huo ndio mshororo unaobeba dai la shairi zima na kurudiwa kila ubeti.

Kibwagizo hakitungwi kutoka hewani. Sikiliza mabishano ya barazani na usome maandishi ya kanga huku ukihesabu mizani, yaani silabi: methali «Subira yavuta heri», kwa mfano, ina mizani 8 kamili, yaani nusu ya mshororo wa mizani 16 tayari iko mkononi, na iliyobaki ni kuijibu, kuipinga au kuitilia shaka. Binafsi napendelea kuipinga, kwa sababu ubishi huzaa beti nyingi kuliko maafikiano.

Kisha orodhesha maneno yenye kina kimoja, yaani yanayoishia kwa silabi ileile, kama vile safari, bandari, hatari, habari na kaburi, uone yanavyoanza kudokeza kisa cha baharia ambacho hukukifikiria hapo awali. Kufungua kamusi katika hatua hii si aibu hata kidogo. Mshororo wa kwanza uandikwe baada ya hapo.