Jinsi ya Kusoma na Kupanga Matokeo ya Udiwani ya Zamani: Kutoka Miji ya Soko ya Wales hadi Wadi za Malindi

Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa Malindi wanaokusanya historia ya wadi zao, pamoja na walimu wenzangu wa historia ambao huulizwa na wanafunzi ni nani aliyekuwa diwani wa mtaa fulani miaka ya nyuma, nao wakakosa jibu. Tangu mabaraza ya miji yaondolewe nchini Kenya baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, na nafasi yao kuchukuliwa na serikali za kaunti, habari za madiwani wa zamani zimebaki vichwani mwa wazee na katika makaratasi yaliyotawanyika majumbani. Kila tunapomzika mzee mmoja, sehemu ya kumbukumbu hiyo huenda naye. Kwa hiyo kazi hii haifai kungoja. Hata hivyo, anayeianza kabla ya kujifunza namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi huishia kupata jedwali zuri lisilosema kweli.

Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wangu waanze kwa zoezi la ugenini, nalo ni chaguzi za manispaa katika miji midogo ya soko ya Wales, kama vile Carmarthen, Brecon, Denbigh na Welshpool, tangu vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945 hadi 1972. Miji hiyo ilikua kwa mnada wa ng'ombe na kondoo, na kanuni za mabaraza yake zinajulikana waziwazi. Mitego karibu yote itakayotukuta hapa nyumbani imo humo. Tena katika orodha zile hatuna mjomba wala shemeji, wala hatumjui aliyemtukana nani jukwaani, kwa hiyo tunazisoma bila kuegemea upande wowote.

Kabla ya kuandika jina la mgombea hata mmoja, chukua ukurasa mtupu uandike kanuni za kiti chenyewe: kilidumu miaka mingapi, ni viti vingapi vilivyogombewa siku ile, ni nani walioruhusiwa kupiga kura, na ni nani walioingia barazani bila kupigiwa kura na wananchi. Ukurasa huo ndio unaobeba kazi yote, na kuuruka humrudisha mwanafunzi nyuma.

Tuujaze kwa mfano wa Wales. Diwani wa manispaa alichaguliwa kwa miaka 3, na kila mwaka theluthi moja ya madiwani walimaliza muda wao. Pamoja nao walikuwako wazee wa baraza, walioitwa aldamani, ambao walikuwa robo ya baraza zima. Hawa hawakuchaguliwa na wananchi bali na madiwani wenyewe, na walikaa miaka 6. Meya naye alichaguliwa na baraza kila mwaka. Tuseme basi kwamba baraza lilikuwa na watu 16. Madiwani watakuwa 12 na wazee wa baraza 4, na katika mwaka wa kawaida wapiga kura wataamua viti 4 peke yake. Anayeona chama fulani kimeshinda viti 3 kati ya hivyo 4, akaandika kwamba chama hicho kiliutwaa mji, amesahau kwamba watu 12 kati ya 16 hawakuguswa na uchaguzi wa siku hiyo.

Mwaka 1945 una ugumu wake, nao unastahili subira. Wakati wa vita chaguzi hizi zilisimamishwa, kwa hiyo baada ya zile za Novemba 1938 hazikufanyika nyingine hadi tarehe 1 Novemba 1945. Diwani alipofariki, alipohama au alipojiuzulu katika miaka hiyo, wenzake walimteua mtu wa kujaza nafasi yake. Vita vilipokwisha, waliojazwa namna hiyo nao walipaswa kwenda mbele ya wapiga kura, na ndiyo sababu wadi nyingi zilikuwa na viti zaidi ya kawaida siku hiyo. Viti vya muda mrefu na vya muda mfupi vilipopigiwa kura kwa pamoja, waliopata kura nyingi walipewa muda mrefu, na aliyeshika mkia miongoni mwa washindi alipewa kile kilichokaribia kwisha. Ukimwona mtu ameshinda mwaka 1945 kisha anagombea tena 1946 katika wadi ileile, usidhani kwamba mwandishi wa gazeti alikosea, kwani huenda huyo ndiye aliyepewa kiti cha mwaka mmoja.

Idadi ya wapiga kura nayo ilibadilika. Kabla ya vita, kura ya manispaa ilifungamana na kukalia nyumba au jengo, ama kama mwenyewe ama kama mpangaji, pamoja na mume au mke wa mtu huyo. Kijana mtu mzima aliyeishi kwa wazazi wake hakuwamo. Sheria ya mwaka 1945 iliwaingiza wote waliokuwa na haki ya kumchagua mbunge. Kwa hiyo kuzilinganisha kura za 1938 na za 1945 kana kwamba zinatoka katika daftari moja ni kosa, na ongezeko utakaloliona halithibitishi kwamba watu walipenda siasa zaidi baada ya vita.

Kisha utafika mwaka 1948 na hutapata kitu. Nimewaona watu wenye bidii wakipoteza siku nyingi kuutafuta uchaguzi huo. Haukufanyika. Kulikuwa na chaguzi za Novemba 1945, 1946 na 1947, halafu sheria ya mwaka 1948 ikahamishia chaguzi za manispaa mwezi wa Mei, na zilizofuata zikawa za Mei 1949. Madiwani waliokuwa wamalize muda wao Novemba 1948 waliongezewa miezi. Andika katika safu ya mwaka huo, "Hakukuwa na uchaguzi, tarehe ilihamishwa," ili atakayekuja baada yako asiurudie msako. Mwishoni mwa jedwali fanya vivyo hivyo: chaguzi za mwisho za manispaa hizo zilikuwa za Mei 1972, mwaka 1973 walichaguliwa madiwani wa wilaya mpya, na tarehe 1 Aprili 1974 manispaa za zamani zikakoma.

Hapa kwetu tarehe nazo zina mtego wake. Uchaguzi wa 1992 na wa 1997 ulifanyika tarehe 29 Desemba, na wa 2002 na wa 2007 ulifanyika tarehe 27 Desemba. Diwani aliyeshinda siku mbili tatu kabla ya mwaka kwisha alianza kazi mwaka uliofuata, na mzee akikwambia kwamba fulani "aliingia tisini na tatu" hajakosea hata kidogo, kwa kuwa yeye anahesabu kuingia ofisini. Weka safu mbili, moja ya siku ya kura na nyingine ya mwaka wa kuanza kazi, ili usimsahihishe mzee kwa jambo ambalo amelikumbuka vyema.

Sasa nije kwenye kosa nililolifanya mwenyewe. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii, nilichukua matokeo ya wadi moja ya Wales, nikajumlisha kura za wagombea wote, nikagawanya kwa idadi ya waliojiandikisha, nikapata kwamba waliopiga kura walikuwa wengi kuliko waliokuwa katika daftari. Nilishuku wizi wa kura, nikakaribia hata kuwaeleza wanafunzi hivyo. Ukweli ni kwamba wadi ile ilikuwa na viti kadhaa, na kila mpiga kura alikuwa na kura nyingi sawa na idadi ya viti. Wadi ya viti 3 iliyopigiwa kura na watu 1,200 inaweza kuwa na kura 3,600, nazo zikawa halali zote. Wala huwezi kugawanya kwa 3 ukadhani umepata hesabu kamili ya watu, kwa kuwa wengine walimpigia mmoja tu waliyempenda wakaziacha kura zilizobaki. Ikiwa gazeti halikutaja idadi ya karatasi zilizotumika, safu ya waliojitokeza iache wazi. Safu iliyo wazi haimdanganyi mtu.

Kwa upande wa vyama, jihadhari zaidi. Nchini Uingereza na Wales karatasi ya kura haikuonyesha chama cha mgombea hadi sheria ya mwaka 1969 iliporuhusu maelezo mafupi ya maneno yasiyozidi 6. Kabla ya hapo ilikuwa na jina, anwani na kazi ya mtu. Kwa hiyo unapoona "Mfanyakazi" (yaani wa chama cha Leba) au "Huru" karibu na jina la mwaka 1952, jua kwamba hilo limetoka kwa mwandishi wa habari au kwa wagombea wenyewe, na magazeti mawili ya mji mmoja yanaweza kutofautiana. Katika miji midogo ya soko wagombea huru walikuwa wengi. Huru wa namna hii huenda alikuwa na chama moyoni, au alikuwa muuza nyama aliyejulikana na kila mtu sokoni na asiyehitaji chama. Jedwali haliwezi kukuambia ni yupi kati ya hao wawili. Malindi nayo, kati ya 1969 na 1991 chama kilikuwa KANU peke yake, kwa hiyo safu ya chama kwa miaka hiyo haina habari yoyote, na ushindani wenyewe unapaswa kuutafuta katika mchujo wa ndani.

Maneno "alipita bila kupingwa" nayo yanataka kuulizwa. Katika miji ya Wales yalimaanisha kwamba waliowasilisha karatasi za uteuzi hawakuzidi idadi ya viti, kwa hiyo kura haikupigwa, na hali hiyo ilikuwa ya kawaida katika wadi zilizotulia. Kwetu, mwaka 1988, watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombea wa KANU, na mgombea ubunge aliyezidi asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa amepita bila kupingwa ingawa wapinzani wake walikuwa wamesimama palepale wakihesabiwa. Ukiambiwa kwamba mtu alipita bila kupingwa mwaka ule, uliza ni nani mwingine aliyesimama uwanjani siku hiyo.

Wazee wa baraza wa Wales huleta pia chaguzi ndogo zinazoonekana kama zimeanguka kutoka mbinguni. Diwani alipopandishwa na wenzake kuwa mzee wa baraza, kiti chake cha wadi kilibaki wazi, na wiki chache baada ya uchaguzi mkuu wa manispaa watu wa wadi ile waliitwa tena kupiga kura. Fuata jina lake hadi katika orodha ya wazee wa baraza na utaiona sababu. Katika mabaraza yetu walikuwako madiwani walioteuliwa, ambao hawakupigiwa kura na wadi yoyote. Waandikie ukurasa wao, usiwachanganye na waliochaguliwa.

Majina yatakuchosha. Wales kumejaa akina Jones, Davies, Evans na Williams, kiasi kwamba bila kazi na anwani huwezi kujua kama Jones wa 1946 ndiye Jones wa 1955. Sisi tuna akina Katana, Charo, Karisa na Kazungu, na akina Mohamed na Athman. Andika jina la baba, mtaa, kazi na hasa lakabu, kwa kuwa hapa mtu huweza kuongoza wadi miaka mingi na majirani wasilijue jina lililoandikwa katika karatasi ya kura. Miji nayo ina majina mawili. Carmarthen kwa Kiwelisi ni Caerfyrddin, na Brecon ni Aberhonddu, kwa hiyo tafuta kwa yote mawili. Nasi tuna Shella ya Malindi na Shella ya Lamu, ambazo zote ni wadi leo, moja katika kaunti ya Kilifi na nyingine katika kaunti ya Lamu. Karatasi inayosema "Shella" bila kutaja mji usiiingize popote kabla ya kujua imetoka wapi. Kumbuka pia kwamba wadi 5 za leo za eneo bunge la Malindi, yaani Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella, hazina mipaka sawa na wadi za baraza la zamani.

Kuhusu mahali pa kutafuta sitarefusha. Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoko Aberystwyth, imeweka magazeti ya zamani katika intaneti bila malipo, lakini mkusanyiko huo unaishia 1919, na kwa miaka ya baada ya vita itakubidi uwaandikie watunza nyaraka. Kwa Kenya, anza na Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1899 na ambalo matoleo yake mengi yanasomeka katika intaneti, kisha Nyaraka za Taifa zilizoko Moi Avenue, Nairobi. Baada ya hapo nenda kwa wazee.

Mzee mmoja wa hapa Malindi, aliyewahi kuwa wakala wa mgombea, alinitolea daftari la shule lililofungwa kwa mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na vijiti vya penseli vilivyopangwa vitanovitano, na chini ya kila kundi jumla yake. Nilifurahi nikaanza kunakili. Akaweka kidole juu ya ukurasa akasema, "Mwanangu, hizi ni za sanduku letu tu. Masanduku mengine sikuyaona." Kama asingenizuia, ningeliandika kura za kituo kimoja kama kura za wadi nzima. Ndiyo maana jedwali langu lina safu ya mwisho inayosema kila tarakimu imetoka wapi: gazeti gani na la tarehe gani, au mdomo wa nani, au daftari la kituo gani.

Ukimaliza rasimu, ichapishe kwa herufi kubwa umpelekee yule aliyekupa habari kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Msomee safu moja moja polepole, na kalamu uwe nayo mkononi. Mzee wangu alisahihisha mawili: ndugu wawili niliokuwa nimewabadilishia kura, na mtaa uliokuwa ukiitwa kwa jina jingine wakati ule. Daftari lake nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikalirudisha siku hiyohiyo katika mfuko wake.